Le Nane, Re Nane

Leokadia,

Salamu utazipokea kesho kwa mdomo pale stendi ya Biharamulo, kwa hiyo hapa naziruka. Naziruka pia habari za sabuni, shuka, maji ya kuchemsha na wavulana wa chuoni, maana shangazi yako amekusemesha wiki nzima mpaka nikakuonea huruma. Umekwenda kuwaaga wanakwaya wenzako na utarudi jua likitua. Nina mchana mmoja tu. Nimefunga mlango, na mtu akibisha nitamwambia naumwa. Wala haitakuwa uongo, kwani tangu juzi nina kichefuchefu ambacho klorokwini haikigusi.

Jina lako nimeliandika kwa L. Mdomo wangu unasema Reokadia, unajua mwenyewe. Sisi wa Mabawe hiyo L kalamuni tunayo, ulimini hatuna. Umenicheka tangu ulipojua kusoma, nami nikacheka pamoja nawe. Leo usicheke, maana barua yote imekaa hapo.

Juzi ulipita njiani na ndoo kichwani, ukamkuta yule mzee anayechechemea, ukakunja goti kwa adabu kabisa ukasema, "Shikamoo, Mzee Lenane." Akakuitikia, "Malahaba, mwanangu." Nilikuwa nyuma yako hatua kumi, nikasikia yote. Wewe unadhani ni jina lake. Ulikuwa bwenini siku lilipoanza, ukarudi likizo ukakuta kijiji kizima cha Nyantakara kinamwita hivyo, ukaiga. Jina lake ni Ngusa. Lenane ni dhihaka, mwanangu, na aliyeianzisha ni mimi mama yako.

Sikiliza ilivyokuwa.

Lile shamba la majaribio unalikumbuka kidogo, ulikuwa ukiniletea uji pale baada ya baba yako kufariki. Ilikuwa miaka ile watu walipoanza kuhamishwa, wakajengewa kijiji kwenye mistari, na kila kijiji kikatakiwa kiwe na shamba la pamoja lenye zao la biashara. Wa juu wakaamua sisi tujaribu kokoa. Miche ililetwa kwa lori kutoka Kyela, tukaingoja miaka mpaka ikazaa. Sasa kokoa ina ugonjwa wake: mvua ikikolea, tunda linapata doa jeusi, doa linatambaa, na kwa wiki moja tunda zima ni uozo. Yule bwana mkubwa wa shamba, tuliyemwita Bwana Utafiti, alikuwa anatafuta mti mmoja tu unaoukataa ugonjwa huo, ili auzalishe.

Kuutafuta kwenyewe kulikuwa hivi. Tunachukua tunda lililooza, tunakwangua ule ukungu, tunauloweka kwenye maji, kisha tunachoma tunda zima, lisilo na doa, kwa sindano na kulitia yale maji machafu. Tunalifunika kwa pamba mbichi na mfuko wa nailoni. Baada ya siku saba tunafungua na kupima kwa rula doa limefika wapi. Yaani kazi yetu ilikuwa kuwaumwisha wazima tuone nani atapona. Na uvundo wake, loo! Kokoa iliyooza inanuka samaki. Inanuka samaki mahali ambapo hakuna samaki, inaganda kwenye kanga, kwenye nywele, kwenye mkate. Mpaka leo sili dagaa, nawe ulikuwa ukidhani ni maringo.

Miti ilikuwa ya koo ishirini, kila ukoo na herufi yake, A mpaka T, na ndani ya ukoo kila mti na namba yake. Bwana Utafiti aliipanda imechanganyika makusudi, akasema ndivyo utafiti unavyotaka, ili ukoo mmoja usipendelewe na udongo. Kwa hiyo ukisimama mahali huwezi kujua uko ukoo gani mpaka usome kibati kilichofungwa shinani. Ngusa alikuwa anasoma kibati, anapima doa, anaita kwa sauti. Mimi niliyemaliza darasa la nane nilikuwa karani, naandika.

Ngusa alitoka Shinyanga na mkewe, watoto watatu na ng'ombe wachache. Mtu mpole, mrefu, mwenye kicheko. Ila ulimi wake ulikuwa kinyume cha wangu: mimi nageuza kila L kuwa R, yeye anageuza kila R kuwa L. Siku ya kwanza akaita "Le tatu!" nikamuuliza kama ni le au re. Akasema, "Le, mayu. Le ya ledio." Mayu kwao ni mama. Nikamwambia, "Rakini redio ni re!" Akasema, "Ndiyo hiyo, le!" Tulicheka mpaka tukakaa chini. Jamani, serikali nzima ilikosa watu wengine wa kusomeana herufi.

Basi tukapatana. Ikiwa ni R, Ngusa ananyoosha mkono juu. Ikiwa ni L, mkono unakaa chini. Mimi nikisikia le, nainua macho, natazama mkono, naandika. Hatukumwambia Bwana Utafiti, tuliona aibu. Tulifanya hivyo miezi mingi na hatukukosea hata mara moja.

Siku niliyokosea ilikuwa ya mvua za masika. Matunda yalikuwa yameiva kwa uozo, nzi wamejaa, na uvundo wa samaki umesimama pale shambani haupepei. Nilisikia kinyaa kikinishika mpaka machozi. Nikajifunga kanga puani, nikageuza kigoda changu nikaupa upepo uso, na Ngusa nikampa mgongo. Nikamwambia, "We ita tu, nasikia." Akasema, "Na mkono, mayu?" Nikamjibu kwa ukali, "We ita!" Nilikuwa nimemchoka na mkono wake, nimechoka kuinua kichwa kila dakika kwa sababu ya mtu asiyejua kutamka. Mimi! Mimi ninayemwita mwanangu Reokadia!

Akaita, "Le nane! Nusu sentimita!" Nikaandika kwenye mstari wa L nane. Saa nzima baadaye, upande mwingine wa shamba, akaita tena, "Le nane! Sentimita kumi na mbili, limekwisha hilo!" Nikatazama daftari, nikaona L nane imeshajazwa. Nikasema kumbe hii ndiyo R nane, nikaiandika huko. Nilikuwa na nafasi ya kugeuka, ni kiuno tu cha kuzungusha. Sikugeuka.

Kesho yake mchana tunakula viazi, Ngusa akanionyesha kwa kidole mti uliokuwa karibu na kichuguu. "Mayu, ule mti una kibuli. Haukubali kuugua." Nikaenda kuuona. Tunda kijani, gumu, lina kidoa kama punje ya mtama basi. Nikashika kibati nikakisoma. R nane.

Leokadia, hapo nilijua. Usije ukasikia mtu akinitetea kwamba mama yako alikosea bila kujua. Nilijua nikiwa na kibati mkononi na kiazi mdomoni. Kukosea kuandika kunamtokea kila mtu, nami kwa hilo nilishajisamehe zamani. Linalonitia kinyaa ni lililofuata.

Bwana Utafiti alikuwa amesema daftari halifutwi, na asubuhi ile alikuwa amelipitia akaniita mbele ya wenzangu, akasifu mwandiko wangu, akasema karani wa namna hii anaombewa ajira ya kudumu. Nilikuwa mjane, nina wewe. Nikajiambia nitamweleza kesho. Kesho ikafika, nikasema jaribio litarudiwa msimu ujao, litajisahihisha lenyewe. Kumbe halikurudiwa. Haraka ilitoka juu: kijiji kinataka miche, kiongozi wa mkoa atakuja kuona. Bwana Utafiti akafungua daftari langu, akasoma L nane, akatangaza kwamba mti umepatikana. Watu wakapiga vigelegele. Nami nikapiga, mdomo huu huu.

Wakakata vikonyo vya L nane wakavibebesha kwenye mamia ya miche, yaani wanafunga kikonyo cha mti mmoja juu ya shina la mwingine mpaka vishikane. Miti mingine ikaamriwa ing'olewe ipishe kitalu. Wa kung'oa alikuwa Ngusa. Alipofika kwenye kichuguu akasimama na shoka, akaniita. "Mayu, na huu? Huu si ndio ule?" Nilikuwa na daftari kifuani. Nikamwambia, "Daftari rimesema." Akanitazama. Hakujua kusoma mistari yangu midogo, alijua herufi za vibati tu, basi akaniamini. Akaukata ule mti mapigo sita. Niliyahesabu nikiwa nimesimama palepale, kisha nikaenda kunywa chai.

Ptu! Naandika na mate yamenijaa.

Miaka mitatu kijiji kililea miti ile. Watu walitoa migomba yao mizuri kwenye shamba la pamoja ili kokoa ipate nafasi. Walipalilia zamu kwa zamu, na asiyefika alitozwa kuku. Mwaka miti ilipozaa, matunda yalijaa shinani mpaka watu wakaanza kutaja mabati watakayonunua. Halafu mvua ikanyesha wiki mbili mfululizo. Shamba zima likawa jeusi. Ule uvundo wa samaki ukaingia kijijini, ukaingia kanisani, akina mama wanafunga milango mchana na bado unapita. Kila pumzi niliyovuta ilikuwa inaniita jina.

Mkutano ulifanyika katika darasa la shule. Watu wazima wamekaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamegusa videvu, wamekasirika. Mwenyekiti wa kijiji akamuuliza Bwana Utafiti, "Mlituambia mti huu hauugui. Sasa huu ni nini?" Bwana Utafiti uso umemshuka. Akanigeukia mimi, akauliza kama kuna uwezekano namba zilichanganywa.

Mlango ulikuwa wazi kwangu, mwanangu. Sentensi moja tu. Badala yake nikasimama, nikatabasamu, ndiyo, nilitabasamu, nikasema, "Bwana, mimi niriandika nirichoitiwa. Ngusa hajui kutofautisha re na re."

Umeona nilivyosema? Re na re. Nilitaka kusema le na re, ulimi ukanitoka hivyo hivyo. Na hakuna hata mmoja aliyenicheka, kwa sababu nusu ya lile darasa walisema kama mimi, na wengine wote walikuwa wameshamgeukia Ngusa. Mtu mmoja wa nyuma akapaza sauti, "Ebu Ngusa, sema re nane!" Ngusa akasema, "Le nane." Wakaangua kicheko. "Tena!" "Le nane." Watu waliokuwa na hasira dakika ile wakapata cha kuchekea, wakafurahi kama kwenye ngoma. Hakuna aliyeuliza swali jingine.

Kicheko kilipotulia Ngusa akasema maneno manne tu. "Lakini mimi nilinyoosha mkono."

Hawakumwelewa. Mkono gani? Wakacheka tena. Nilimwelewa peke yangu, naye alinitazama mimi peke yangu akinisubiri nieleze. Nikafungua daftari nikajifanya natafuta ukurasa.

Akaachishwa kazi wiki ile. Muda si mrefu vita vya Kagera vikaanza, na kijijini ikaja amri ya kutoa mgambo. Orodha ilianza na wanaume wasio na kazi maalumu. Jina la Ngusa lilikuwa la pili. Angekuwa bado shambani angebaki, kwani wafanyakazi wa shamba waliachwa wote. Nilisimama njiani na akina mama wengine lori lilipowachukua, na vijana wakampungia wakiita "Lenane! Lenane!" Yeye akapunga pia. Mkewe hakuweza kulima peke yake na kicheko kile kikimfuata mpaka kisimani, akawachukua watoto akarudi kwao Shinyanga. Mwanamke yule alikuwa akinitunzia maziwa kila Jumapili, kwa ajili yako. Alipokuja kuniaga nilimwambia pole.

Ngusa alirudi vitani na mguu mbovu, akakuta nyumba tupu. Akakaa. Alikwenda Shinyanga mara moja akarudi peke yake. Mimi shamba lilipofungwa nikapewa kazi ya karani wa kilimo wa kata, ile ajira ya kudumu niliyoililia. Kwa mshahara huo umesoma sekondari, umevaa viatu. Siwezi kuurudisha, wala sitaki ujisikie vibaya kwa viatu. Lakini nataka ujue vimetoka wapi.

Sasa nikuambie kwa nini leo, siku moja kabla hujapanda basi. Wiki iliyopita nilipokea nakala ya ile barua ya sifa iliyokupatia nafasi kwenye chuo cha kilimo. Imeandikwa kwamba wewe ni binti wa karani mwaminifu, aliyeshika kumbukumbu za majaribio kwa uangalifu mkubwa. Niliisoma nikacheka peke yangu, kicheko kibaya. Halafu juzi nikakusikia ukimwamkia Ngusa kwa lile jina, kwa sauti tamu niliyokufundisha mimi.

Leo asubuhi ulipokuwa unafunga sanduku nilikwenda kwake. Alikuwa anasuka kamba. "Kalibu, mayu," akasema, akanipa kigoda. Sikukaa. Nilimwambia yote nimesimama: mgongo niliompa, kibati cha R nane, mti wa kichuguu, lile darasa. Nililia, na hata machozi yangu yalinichukiza, maana yalikuwa yanaomba kubembelezwa. Yeye aliendelea kusuka. Nilipomaliza akauliza, "Haya umemwambia nani mwingine?"

Nikasema, "Sijamwambia mtu. Wewe ndiye wa kwanza."

Akasema, "Mimi nilikuwepo, mayu. Mimi nilikuwa najua. Basi bado hujasema."

Nikarudi nyumbani nikachukua karatasi hizi. Wewe ndiye mtu wa kwanza asiyejua ninayemwambia.

Sina mawaidha ya kukupa. Mama mwenye haki ya kutoa mawaidha ni yule mwingine aliyeandikwa kwenye barua ya sifa. Naweza kukuambia mambo mawili ya kazi tu, ya mtu aliyeiharibu. Huko chuoni watakufundisha kupima na kuandika, na watakuambia daftari halifutwi. Ni kweli, lakini linakatwa kwa mstari mmoja na pembeni unaandika "nimekosea" na jina lako. Hilo hakuna aliyenifundisha, na ningelijua sina hakika ningelifanya. La pili, uozo utakunukia. Kila kazi ya mimea ina uozo wake. Usimpe mgongo mtu mnayefanya naye kazi kwa sababu ya harufu.

Na jua hili: uongo wenyewe haukunichukua hata dakika. Nilisema sentensi moja nikakaa. Wengine ndio waliofanya kazi yote iliyobaki, na mimi nilichotakiwa ni kukaa kimya tu. Kukaa kimya ni rahisi mno, Leokadia, ndiyo maana kunanitia kinyaa. Nilikuwa nakula vizuri. Nilikuwa nalala.

Jumamosi kuna mkutano wa kijiji, darasa lilelile. Nimemwomba mwenyekiti nafasi ya kusema na amenipa, anadhani nataka kuzungumzia mbolea. Nitasimama mbele ya Ngusa niwaeleze habari ya mkono. Huenda nikafukuzwa kazi, na nauli ya safari zako za likizo ikawa shida. Huenda habari ikafika huko chuoni, wakakuita ofisini wakakuuliza kama ile barua ya sifa ni ya kweli. Waambie si ya kweli kwa upande wangu, na kwamba wewe umejua kabla yao. Alama zako ni zako, ulizipata mwenyewe, hizo wasiziguse.

Nilifikiri nisubiri umalize mwaka wa kwanza. Unaona? Bado najua kusema kesho.

Barua hii nitaiweka chini ya nguo sandukuni, uisome basi likishavuka Biharamulo, maana nikikupa mkononi utarudi, nakujua. Usirudi. Hapa nyumbani watu watanicheka, nao wana haki, watanipa jina, na litakuwa jina baya. Ukija likizo utawakuta wanaliita njiani. Utawasikia watoto wakiliita.

Usinitetee.

Mama yako,
Skolastika